Amana Iliyohamia Mkononi: Kisukari cha Pole Pole, Jitihada na Kudura

Methali isemayo kuwa jitihada haiondoi kudura hutamkwa na Waswahili katika nyakati mbili zisizofanana. Hutamkwa baada ya kazi, pale mkulima alipolima, akapanda na kupalilia, kisha mvua ikakata, na hapo huwa maneno ya kumliwaza mtu aliyetimiza wajibu wake. Na hutamkwa kabla ya kazi, na mtu ambaye hata jembe hajalishika, na hapo huwa udhuru uliovishwa kilemba. Maneno ni yale yale, ila wakati wa kuyasema ndio unaoyafanya yawe imani au uvivu. Kudura, yaani uwezo na mapitisho ya Mwenyezi Mungu juu ya kila kiumbe, haikanushwi na Mwislamu yeyote, na jitihada nayo haina anayeikataa waziwazi. Kinachobishaniwa ni namna viwili hivi vinavyokutana katika tendo moja la mtu mmoja. Ubishi huo huwa mkali zaidi kwenye maradhi yasiyopona wala kuua upesi, ambayo humdai mgonjwa jitihada ndogo ndogo, zenye kupimwa kwa hesabu, kila siku ya umri wake uliobaki. Kisukari cha kinga nafsi kinachoanza pole pole ukubwani ni mfano ulio wazi wa maradhi hayo, kwa kuwa hakimvamii mtu kwa kishindo. Humwachia miezi au miaka ya kujiuliza kama ni mgonjwa kweli, kama dawa ni lazima kweli, na kama kuitumia ni dalili ya kutomtegemea Mungu vya kutosha.

Maradhi yanayokuja kwa mwendo wa kivuli

Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula, na ndani yake mmetawanyika mafungu madogo ya seli ambayo Mjerumani Paul Langerhans aliyaeleza mwaka 1869 na ambayo baadaye yaliitwa visiwa vya Langerhans. Neno insulini lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Katika visiwa hivyo mna seli za beta, ambazo kazi yake ni kutengeneza insulini, nayo ni homoni, yaani kemikali inayosafiri na damu kupeleka ujumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Ujumbe wa insulini huifikia misuli, mafuta na ini, na kuviamuru vipokee na kuhifadhi sukari iliyomo katika damu. Insulini ikikosekana, sukari hujaa katika damu na kutoka na mkojo, ilhali seli zenyewe zinashinda njaa, na mwili hukonda katikati ya shibe.

Aina mbili za kisukari ndizo zinazojulikana zaidi. Katika aina ya 1, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili huziangamiza seli za beta, na mgonjwa huhitaji insulini tangu mwanzo ili aishi. Katika aina ya 2, ambayo ndiyo ya watu wengi zaidi, insulini ipo lakini mwili hauitii ipasavyo, na kongosho huchoka taratibu kwa kufanya kazi ya ziada. Kati ya aina hizi mbili kuna wagonjwa ambao kwa muda mrefu hawakuwa na jina lao wenyewe: watu wazima, kwa kawaida waliovuka miaka 30, ambao mwanzo wa maradhi yao unafanana na aina ya 2, lakini damu yao ina kingamwili zile zile za aina ya 1. Kingamwili ni protini ambazo kinga ya mwili huzitengeneza ili kumtambua adui, na katika kisukari hiki zinazopatikana zaidi ni zile zinazolenga kimeng'enya kiitwacho GAD kilichomo ndani ya seli za beta. Mwaka 1993 watafiti, miongoni mwao Tiinamaija Tuomi na Paul Zimmet, walieleza kwamba kipimo cha kingamwili hizo kinaweza kuwafichua wagonjwa wa namna hiyo, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa huo katika kundi la visukari vya mseto. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 kutokana na utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa karibu mtu 1 kati ya 10 waliohesabiwa kuwa na aina ya 2 alikuwa na kingamwili dhidi ya GAD.

Upole wa mwendo wake ndio unaoupa ugonjwa huu uzito wa kifalsafa. Kwa desturi ya matabibu, mgonjwa huhesabiwa katika kundi hili iwapo ameweza kukaa angalau miezi 6 tangu kugunduliwa bila kuhitaji insulini. Katika kipindi hicho vidonge na mpangilio wa chakula humtosha, na wengine hukaa hivyo kwa miaka. Chini kwa chini, hata hivyo, seli za beta zinapungua, na kinachoweza kuonyesha upungufu huo ni kipimo cha peptidi C, kipande cha protini kinachotolewa na kongosho kwa kadiri ile ile inayotolewa insulini, hivyo kwamba kikipungua hujulikana kuwa chanzo kinakauka. Mgonjwa asiyepimwa huona tu kwamba sukari yake inapanda ingawa amepunguza wali, ameacha kaimati na anatembea kila asubuhi, na jamaa zake huona jambo jingine kabisa: huona mtu asiyefuata masharti, anayekula kwa siri. Mfichaji maradhi kifo humuumbua, wasema wahenga, lakini hapa maradhi ndiyo yaliyomficha mtu ukweli, na lawama ikamwangukia asiyestahili.

Siku anapoambiwa kuwa kinga ya mwili wake ndiyo iliyoharibu kongosho lake, mgonjwa wa aina hii mara nyingi hupumua, kwa sababu ameondolewa tuhuma. Faraja hiyo ina mtego ndani yake. Ikiwa yeye ametakasika kwa kuwa ugonjwa wake hautokani na mlo, basi jirani yake mwenye aina ya 2 amehukumiwa bila kusikilizwa, wakati urithi, umri na hali ya maisha vina sehemu kubwa katika ugonjwa wa jirani huyo pia. Kuyafanya maradhi kuwa hati ya mashtaka ni kosa la kidini kabla ya kuwa kosa la kitabibu, maana katika mafundisho ya Uislamu mitume wenyewe waliugua, na Nabii Ayubu, aliyeugua sana, hatajwi kama mtu aliyeadhibiwa, hutajwa kama kielelezo cha subira.

Nafsi inayojidhuru

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich alishika kuwa mwili una woga wa kimaumbile wa kujitia sumu wenyewe, na wazo hilo liliwatawala wataalamu kwa miongo kadhaa, hata utafiti wa katikati ya karne ulipoanza kuonyesha kwamba kinga inaweza kweli kuigeukia tezi ya mwili wake. Sayansi ya kinga ilijengwa, na Macfarlane Burnet wa Australia pamoja na wengine, juu ya tofauti kati ya nafsi na kisicho nafsi: kinga hufunzwa kukitambua kilicho chake na kukiacha, na kukitambua kigeni na kukipiga. Katika maradhi ya kinga nafsi, mafunzo hayo yamekosewa mahali fulani.

Msikilizaji wa Kiswahili hukimbilia hapa methali ya kikulacho ki nguoni mwako, na ulinganisho huo una ukweli wake, kwa sababu madhara hayakutoka nje. Hata hivyo methali hiyo imetungwa juu ya usaliti, na msaliti ni mtu mwenye nia. Anajua anayemdhuru na amechagua kumdhuru. Seli ya kinga haina nia. Imetambua vibaya, kama mlinzi wa usiku aliyemdhania mwenye nyumba kuwa mwizi, na kosa la kutotambua haliwi usaliti hata likiwa na gharama kubwa. Tofauti hii ina faida katika maisha ya kila siku, kwa kuwa mtu anayeuona mwili wake kuwa adui huuadhibu: huuacha na njaa, huongeza dozi kwa hasira pale kipimo kinapopanda, au hususia kupima kabisa. Anayeuona mwili wake kuwa amana iliyopatwa na hitilafu huuangalia kwa namna nyingine, kama mtu aliyewekewa mali ya mwenziwe ikaingia kutu mikononi mwake: haulizi kwanza nani alaumiwe, huuliza ni kipi kinachoweza kuhifadhiwa.

Neno amana lina mizizi mirefu katika lugha ya pwani. Amana si mali ya aliyeishika, bali amekabidhiwa aitunze na airudishe, na fikihi humtoza dhamana aliyeipoteza kwa uzembe, wala haimtozi aliyepotelewa ingawa aliitunza. Kwa kipimo hicho mgonjwa hatoulizwa kwa nini kongosho lake limeharibika. Ataulizwa, ikiwa kuna la kuulizwa, juu ya kile kilichobaki na juu ya njia aliyopewa ya kukitunza.

Daraja za sababu

Tawakali ni kumtegemea Mungu kwa moyo uliotulia, na swali la iwapo dawa inaitoboa tawakali ni la zamani. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijadili katika Ihya Ulum al-Din, ndani ya kitabu chake juu ya tauhidi na tawakali, na jibu lake lina mpangilio ambao bado unasaidia. Aliziweka sababu za kuondoa madhara katika daraja tatu. Ya kwanza ni sababu za yakini, kama maji yaondoavyo kiu na mkate uondoavyo njaa. Kuziacha si tawakali hata kidogo, na kuziacha palipo na hofu ya kifo ni haramu. Ya pili ni sababu za dhana, yaani zenye uwezekano mkubwa wa kufaa bila uhakika, na humo aliingiza tiba nyingi za zama zake kama kuumika na dawa za kuharisha; kuzitumia hakuharibu tawakali, na kuziacha kunaweza kuruhusika kwa baadhi ya watu na baadhi ya hali. Ya tatu ni sababu za wahma, zinazotegemea kudhani tu bila msingi, na hizi ndizo mwenye tawakali anazotakiwa kuziepuka.

Kinachovutia katika mgawanyo huu ni kwamba kitu kimoja kinaweza kuhama daraja. Kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na insulini ya kumdunga mtu, na mtoto mwenye kisukari aliwekwa kwenye mlo wa njaa ili aishi miezi michache zaidi. Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa kimiminika kilichotolewa katika kongosho la ng'ombe, nacho hakikumfaa kwa kuwa hakikuwa safi. Tarehe 23 ya mwezi huo huo alidungwa kilichosafishwa na mkemia James Collip, na sukari yake ikashuka. Kati ya tarehe hizo mbili, kwa lugha ya al-Ghazali, sababu ilianza kutoka kwenye dhana kuelekea kwenye yakini, na miaka iliyofuata iliithibitisha mahali hapo. Leo, kwa mtu ambaye kongosho lake halitoi insulini tena, sindano ina hukumu ya maji kwa mwenye kiu.

Safari ile ambayo historia iliipita kwa wanadamu wote, mgonjwa wa kisukari cha pole pole huipita peke yake, ndani ya mwili wake. Mwaka wa kwanza insulini kwake ni dhana: huenda ikamsaidia kulinda seli zilizobaki, lakini bila hiyo bado anaamka, anafanya kazi na kulea watoto. Miaka inapopita na peptidi C kushuka, dhana inakaza kuwa yakini, na hakuna kengele inayolia siku mpaka unapovukwa. Aliyeanza kwa kusema kuwa anamwachia Mungu, na akawa hajakosea sana aliposema, anaweza kuendelea kusema maneno yale yale hadi siku ambayo maneno hayo yamekuwa kujitupa katika maangamizi, jambo ambalo Kurani imelikataza. Kwa ajili hiyo tawakali ya mgonjwa huyu haiwezi kuwa uamuzi uliokatwa mara moja ukafungwa. Ni lazima ipimwe upya kila sababu inapohama daraja, na kipimo cha damu kinakuwa sehemu ya elimu ya dini yake, kwa kuwa bila kukijua hawezi kujua ni hukumu ipi inayomhusu.

Kisa cha Khalifa Omari katika karne ya 7, alipokuwa njiani kwenda Sham na kuarifiwa kuwa huko kuna tauni, hutajwa sana na masheikh katika mlango huu. Alipoamua kurejea aliulizwa na sahaba Abu Ubaida kama anaikimbia kudura ya Mungu, naye akajibu kwa maana kwamba anatoka katika kudura moja kwenda katika kudura nyingine ya Mungu huyo huyo. Jibu hilo linaivua methali ya Waswahili ule udhuru wake. Ikiwa ugonjwa ni kudura, basi ng'ombe, mkemia, kichupa na mkono unaovuta dawa navyo ni kudura, na jitihada haiwezi kuiondoa kudura kwa sababu rahisi kwamba imo ndani yake.

Nia mahali pa kongosho

Kongosho lenye afya hutoa insulini kidogo kidogo usiku na mchana, huongeza mlo unapowadia na hupunguza mtu anapotembea, bila ya mwenye mwili kuombwa rai. Hakuna anayekaa mbele ya sahani ya pilau akanuia kutoa insulini. Kazi hiyo ikishindikana ndani, haifutiki. Huhamia mkononi, nayo huja na hesabu zake zote. Mfano wa mlo mmoja wa usiku watosha kuonyesha. Mtu huosha mikono, hujichoma ubavuni mwa ncha ya kidole, na tone la damu husomwa na kifaa: 9.2, katika vizio vya milimoli kwa lita. Mbele yake pana wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na hukadiria kuwa wali huo una gramu 60 za wanga. Ikiwa tabibu wake amempangia yuniti 1 kwa kila gramu 10, zinahitajika yuniti 6, na moja ya ziada ya kuteremsha kile kilichopanda, jumla 7. Huchagua mahali tumboni palipo mbali na alipodunga jana, kwa sababu kudunga pale pale kila siku hufanya ngozi ivimbe mafuta na dawa isinyonywe sawasawa. Usiku kuna sindano nyingine, ya insulini ya msingi, ambayo kazi yake ni kuziba pengo la saa ambazo mtu hali. Na ikiwa ni ile yenye rangi ya maziwa, kichupa huviringishwa taratibu kati ya viganja, hakitikiswi.

Wanafunzi wa madrasa hufundishwa mapema hadithi isemayo kwa maana kuwa amali huhesabiwa kwa nia, na wanavyuoni waliifafanua kwa kusema kwamba nia ndiyo inayotenganisha mazoea na ibada. Maji ni yale yale na kata ni ile ile, lakini anayejimwagia kwa ajili ya joto ameoga, na anayejimwagia kwa kunuia josho ametoharika. Kwa mantiki hiyo hiyo, kazi ambayo kongosho liliifanya bila nia, na ambayo kwa hiyo haikuandikwa popote, mkono unaweza kuifanya kwa nia ya kuitunza amana, na ikaingia katika hesabu ya ibada. Maradhi yamemnyang'anya mtu utumishi wa kimya wa kiungo chake, na yamemwachia nafasi ambayo mzima hana: kufanya kwa hiari kile ambacho wengine hufanyiwa.

Hoja hii isivutwe ikapita mipaka yake. Haifuati kwamba ugonjwa ni bora kuliko afya, wala kwamba mgonjwa anapaswa kuupenda; kuridhia kudura ni kutomnung'unikia aliyeipitisha, na hakumlazimu mtu kuyaita machungu matamu. Mtu anayefanya hesabu hizi mara nne kwa siku kwa miaka 20 huchoka, na kuchoka huko si upungufu wa imani.

Saumu, rukhsa na tone la damu

Mahali ambapo swali hili huuma zaidi ni mwezi wa Ramadhani, hasa kwa mtu aliyefunga tangu utotoni na akapata ugonjwa huu akiwa na miaka 40 au 45. Aya za 184 na 185 za Surat al-Baqara zimemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, na zimetaja fidia ya kumlisha maskini. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ruhusa hiyo, iitwayo rukhsa, hufunguka mtu anapohofia kuwa saumu itamzidishia maradhi au itamchelewesha kupona, na asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Ama sindano yenyewe, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilitaja sindano za chini ya ngozi, pamoja na kutoa damu ya kupima, miongoni mwa mambo yasiyobatilisha saumu. Mgonjwa anayeacha sindano ya msingi mchana ili kuilinda saumu yake, kwa hiyo, anailinda dhidi ya kitu kisichoitishia, na anahatarisha kile kinachoibeba.

Kikwazo kikubwa hakipo kwenye sheria, kipo moyoni. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, ukihusisha watu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, ulikuta kuwa takribani asilimia 43 ya wenye aina ya 1 walifunga siku 15 au zaidi za Ramadhani, na kwamba matukio ya kushuka sana kwa sukari kwao yaliongezeka zaidi ya mara 4. Huenda wengi wao walijua kuwa wameruhusiwa kutofunga. Huenda walifunga kwa sababu rukhsa machoni mwao ilikuwa daraja ya chini, kama mtu aliyeingia msikitini kwa mlango wa nyuma.

Hali yenyewe ikitazamwa kwa karibu, ugumu wake unaeleweka. Ni saa 10 jioni, na Magharibi haijafika kwa zaidi ya saa 2. Jikoni mihogo ya nazi imeshaanza kunukia. Mtu aliyenuia saumu usiku, akala daku na kupunguza dozi kama alivyoelekezwa, anahisi jasho jembamba shingoni, mikono inatetemeka, na maneno yanamponyoka. Kifaa kinasoma 3.4. Miongozo ya kitabibu juu ya kisukari na Ramadhani inasema kuwa chini ya 3.9 saumu ikatizwe hapo hapo, kwa sukari ya haraka kiasi cha gramu 15, kisha apime tena baada ya dakika 15. Saa 2 zilizobaki zinaonekana kuwa kitu kidogo mno cha kukitupa baada ya saa 11 za njaa, na hapo ndipo hesabu ya moyo inapokosea, kwa sababu inadhani kuwa saa 11 zilizopita zinapotea. Saumu hiyo ililetwa na amri, na amri hiyo hiyo sasa imeelekea kwenye tende. Anayeila tende ametii mara mbili katika siku moja, na imepokewa katika hadithi kwamba Mwenyezi Mungu hupenda rukhsa zake zichukuliwe kama anavyopenda faradhi zake zitimizwe.

Wako wenye kisukari cha pole pole ambao kongosho lao bado linatoa kiasi cha kutosha, wakaweza kufunga kwa uangalizi wa tabibu, na mwaka unaofuata wasiweze. Mwezi huingia kwa shahidi aliyeuona mwandamo, na hakuna anayesema kuwa kumsikiliza shahidi ni udhaifu wa imani. Tone la damu juu ya kifaa ni shahidi wa namna hiyo katika mwili wa mtu mmoja, na ushahidi wake unaweza kubadilika mwaka hadi mwaka, hata ndani ya mchana mmoja.

Mahali pa kudura

Al-Ghazali huyo huyo, katika kitabu cha elimu kinachofungua Ihya, aliihesabu tiba pamoja na hesabu kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, yaani wajibu ambao wakiufanya wanaotosha umma wote huepuka dhambi, na wasipopatikana umma wote huingia dhambini. Insulini imezikutanisha elimu hizo mbili katika sindano moja, na kwa hiyo jitihada haiwezi kuwa ya mgonjwa peke yake. Wagunduzi wa Toronto walikiuzia chuo kikuu haki ya uvumbuzi wao kwa dola 1 kila mmoja, ilhali karne moja baadaye bado kuna kaya ambazo bei ya kichupa huzilazimu kuchagua kati ya dawa na ada ya shule. Kuna pia nyumba zisizo na jokofu, wakati insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na huko vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine na mchanga mbichi katikati, vimetumika kuipunguzia joto, kwa kanuni ile ile ya mtungi uliopoza maji ya kunywa katika nyumba za wazee. Jamii inayomhubiria mgonjwa tawakali na kumwacha akose dawa imempa nusu ya dini na kuizuia nusu nyingine.

Baada ya yote hayo, hata hivyo, kuna kitu ambacho jitihada hukutana nacho na kushindwa kukipita. Mtu huyo huyo hula wali ule ule, hudunga yuniti zile zile 7, na kipimo cha leo hakilingani na cha jana. Joto la mchana limeharakisha dawa kunyonywa, au homa iliyojificha imeipandisha sukari, au masalia ya seli za beta, ambayo katika ugonjwa huu hayazimiki kwa pamoja, yameamka na kutoa insulini bila taarifa. Asiyejua haya huamini kuwa kila namba mbaya ni kosa lake, na hujitesa kwa dhana kwamba mwili ungetii kikamilifu laiti angekuwa mwangalifu zaidi. Dhana hiyo ni upande wa pili wa uvivu ule uliotajwa mwanzoni: mmoja humwachia Mungu kazi aliyopewa yeye, na mwingine huitwaa kazi ambayo hakupewa.

Kwa huyu wa pili methali ile ni rehema. Inamwambia kuwa kipimo kilichopanda baada ya uangalifu wote hakina hukumu juu yake, kama mvua iliyokata haina hukumu juu ya mkulima aliyepalilia. Ila methali haimfai kabla hajapalilia. Aliyekwisha kupima, akavuta dawa kwa kiasi chake, akanuia na kudunga, ndiye anayeweza kuandika namba katika daftari, kuzima taa na kusema kwamba jitihada haiondoi kudura, na maneno hayo yakawa yamekaa mahali pake.